Yah: Kidole Changu, Usingizi Wangu na Saa za Ziada

Ghala la Tangawizi,
Same.

Kwa Mzee Fredrick, Meneja Mkuu,

Shikamoo mzee. Natumaini mama na nyumba nzima hawajambo. Ni mimi Eliaichi wa ghalani, yule uliyempandisha cheo juzijuzi. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimechoka.

1. Nilipoulizia malipo ya saa za ziada ulinijibu kwa upole, "Sasa wewe ni Meneja wa Ghala. Mameneja hawana ovataimu." Nilishukuru. Nikaenda kuwatafuta ninaowasimamia, nikamkuta paka. Naye hanitii.

2. Kama meneja hahesabiwi saa, mbona nadaiwa kidole? Tangawizi imenila vidole hadi alama zimefutika, na mashine ya mahudhurio hainitambui. Jumatatu niliisihi mpaka nikapiga magoti. Ikasema, "Jaribu tena." Sifael mlinzi akaweka chake, eti anielekeze tu, ikamwambia, "Karibu, Eliaichi." Basi nikapakia lori kutwa nzima nikiwa mtoro, huku Sifael akisinzia getini kwa jina langu.

3. Jumapili ulinipigia simu kanisani, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, ukiulizia ufunguo wa stoo. Mzee, mimi naimba besi, na pumzi nilikuwa nimeshavuta. Nikajibu, "Uko chini ya mkeka!" Waumini wakaitikia, "Amina!" Mchungaji amenisimamisha kwaya. Je, hiyo haikuwa kazi?

4. Mke wangu Dina ni shahidi kwamba hata nikilala nipo kazini. Juzi usingizini nilimnyima blanketi, nikimtaka asaini kwanza. Kwa hiyo usingizi wangu nao ni saa za ziada, na Dina, ambaye huniamsha kabla sijawapakia watoto kwenye lori, ni msaidizi wangu. Anastahili sare.

Hivyo basi, naomba mashine ihamishiwe chumbani kwetu, ihesabu usiku na mchana, nami nilipwe kwa kila saa niliyofanya kazi, bila kuzidishiwa wala kupunjwa.

Nisalimie mama, dereva, na wote wa uhasibu. Ukipanda milimani Bombo, wasalimie na wa huko.

Wako mtiifu, mchovu,
Eliaichi

N.B. Kesho usinitafute ghalani. Nashuka bondeni Maore kufukuza ndege kwenye mpunga wangu, kama nifanyavyo kila Alhamisi, na Ijumaa nyingi. Kama hiyo mashine itahesabu na siku hizo, tafadhali mzee, chana barua hii. Umeneja unanitosha.