Mapigo Mia na Arobaini

Jumatatu, 3 Juni
Wodi ya moyo, kitanda cha sita. Daktari asema mapigo yakitulia hadi Alhamisi, naruhusiwa. Lazima! Jumamosi kitindamimba wangu anaolewa. Ukutani pana tangazo: simu zizimwe, zinavuruga mashine. Dereva mstaafu wa treni, kitanda cha saba, amecheka, eti uzushi mtupu. Nimemfafanulia pole pole kwamba simu hutoa mawimbi, na kwamba nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Akasema kumbe mwalimu hachoki hata akifungwa nyaya kifuani. Atakiona!

Jumanne, 4 Juni
Jaribio! Mke wangu hajui alichoniletea ndani ya soksi. Nimeisogeza simu kwenye mashine: sentimita sitini, thelathini, kumi. Jicho mlangoni, maana Sista Mkuu hunyata kama paka. Mapigo: 74, 96, 118! Nikaificha chini ya mto: 80. Ushahidi huo! Dereva ameuliza kama si woga wa Sista. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni
Mwanasayansi hurudia jaribio. Nimerudia mara tisa. Ya tisa, Sista huyo mlangoni: 131! Simu imekwenda. Ameniuliza babu mzima sioni haya. Nilikuwa naandika namba.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Daktari amesoma kumbukumbu za mashine, akakunja uso. Moyo umeruka mara kumi kwa siku mbili, sitoki wiki nzima. Nimemchorea grafu ya mawimbi. Ameipokea kwa adabu, akasema, mwalimu, mashine za siku hizi hazisumbuliwi na simu yako; tangazo lile ni la zamani. Kijana amesoma, ila hakupita darasani kwangu. Mke wangu amesema arusi haiahirishwi kwa ajili ya soksi.

Jumamosi, 8 Juni
Tangu asubuhi nimegeukia ukuta. Saa tisa mlango ukafunguka: binti yangu, shela linafagia sakafu! Wametoka kufunga ndoa, na amesema hakanyagi ukumbini bila kuniona. Akanikumbatia. Mashine ikapiga kelele: 140! Wauguzi mbio. Dereva akafuta macho, akasingizia dawa.

Mimi nilikuwa namtazama bwana arusi. Amesimama ubavuni mwa mashine, mfuko umetuna. Nikaamuru apekuliwe.

Simu mbili!