Trekta la Baba Mkwe Halitoki Hapa

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, yule fundi wa kuchomelea, kapiga simu. Jumamosi anakuja kulivuta trekta la marehemu baba yake. Atalikata atengeneze mageti. Mageti! Mama mkwe alisema, "Haya basi," akaenda kukipangusa kiti cha trekta kwa upindo wa nguo. Roho iliniuma. Papo hapo nikapata wazo: trekta lisilo na magurudumu halivutwi. Mimi ni karani mstaafu, si fundi. Lakini akili ninazo.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima jeki kwa jirani. Ni ya gari dogo, lakini jeki ni jeki. Nimelinyanyua nyuma, nikalikalisha juu ya matofali. Mke wangu kasema matofali yale yana matundu, yatapasuka. Nimemwomba aniachie mambo ya kiufundi. Nati hazilegei! Gurudumu liko hewani, nikivuta spana linazunguka, nami nazunguka nalo.

Jumatano, 6 Machi
Nilikuwa napiga magoti niingie chini ya trekta. Mama mkwe akaniita nikamfungulie mkebe wa sukari. Nikaenda nikinung'unika. Nyuma yangu, kraa! Tofali limekuwa unga, trekta chini, pale pale ambapo kichwa changu kingekuwa. Mkebe niliukuta uko wazi. Nikaufunga, nikamrudishia.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe katoka na kigoda. Kumbe miaka yote marehemu alishika spana, yeye akipanga magogo! Kaagiza jeki ya lori. Trekta likae penye ardhi ngumu, tambarare. Magurudumu ya mbele yazuiwe. Ekseli ya mbele hucheza kama bembea, kwa hiyo kabari za mbao zipigwe pande zote mbili, trekta lisije likalala ubavu. Nati zilegezwe kwanza, gurudumu likiwa bado chini. Kisha nyanyua kidogo, panga magogo mawili hivi, mawili juu yake kwa kukingama, mpaka ekseli ya nyuma iyalalie. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulalia chini yake.

Magurudumu ya nyuma yametoka yote. Mama mkwe akaipangusa ekseli kwa upindo wa nguo.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja na gari la kulivutia trekta. Nilikuwa na hotuba tayari. Mama mkwe kanitangulia.

"Halitoki hapa, mwanangu. Mimi bado namwona baba yako amekaa pale."

Shemeji akavua kofia. Baadaye akainama, akayakagua magogo, akauliza kayapanga nani. Nikakohoa kwa unyenyekevu. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji kaahidi kulifufua trekta. Injini ataitoa yeye mwezi ujao, mtu asiiguse. Mwezi ujao! Mama mkwe anatimiza miaka themanini Ijumaa hii, anastahili kusikia mngurumo. Jumatano wanampeleka kliniki. Nitasingizia mafua, nibaki. Injini nitaining'iniza kwa kamba ya kuanikia nguo. Ni imara ile. Juzi ilibeba mablanketi matatu, tena yameloa.