Daftari Ndani ya Debe la Mchele

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata njia ya kumnasa Ambili! Anatunza maktaba ya kijiji, na ametangaza kwamba moyo wake ni wa mshairi. Mimi nina akili na sura. Mashairi, bado. Lakini leo, nikisaka ndizi za kukaanga jikoni kwa Dada Vilasini, nimekuta daftari ndani ya debe la mchele. Limejaa mashairi, kwa mwandiko wake! Shemeji Raghavan hajui. Tangu aoe hajawahi kupima mchele.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenakili shairi refu kuliko yote. Nimesoma mistari minne: mvua, dirisha, upweke. Safi! Iliyobaki nimenakili macho yakiwa kwenye ndizi. Nimejiandikisha kulisoma Jumamosi, kwenye sherehe ya maktaba. Ambili akauliza ushairi umeniingia lini. Nikamwambia tangu tumboni.

Kwenye rejesta ya waazimaji, dada yangu ameandikwa "Mke wa Raghavan". Miaka tisa anaazima vitabu, jina hana! Nikacheka. Kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu yangu! Nilianza kwa ngurumo. Mvua: watu wakanyoosha shingo. Dirisha: Ambili katabasamu. Mstari wa tano: nimezaa mara tatu, na maziwa yangu bado yanauma. Mzee mmoja akauliza nilijifungulia hospitali au nyumbani. Mwingine akapaza sauti, hongera, mama! Nikaendelea, ningefanyaje? Mume wangu humwita ng'ombe kwa jina, mimi huniita "wewe". Shemeji, mstari wa mbele, akaacha kutafuna tambuu.

Ndipo Dada akasimama upande wa wanawake. Akasema, Sabu mdogo wangu, kaa chini, unaliharibu. Akalimalizia bila karatasi. Sauti ilitetemeka, kisha ikakataa kutetemeka. Hakuna aliyecheka. Ambili akaleta rejesta, akamfutia yale maneno, akampa kalamu. Dada akaandika: Vilasini. Basi.

Kurudi, mvua. Shemeji akatangulia na mwavuli. Mara akasimama, akauliza kama ile ya ng'ombe ni kweli. Dada akasema kweli. Shemeji akamsogezea mwavuli. Nusu ya mwili wake ikalowa. Akasema, haya twende, Vilasini.

Mimi nililowa mzima.

Jumapili, 10 Agosti
Dada kanizaba kofi, kisha kanipa ndizi. Ambili kasema mshairi wake amempata: ni dada yangu.

Sikati tamaa. Chini ya godoro la Mama nimekuta daftari jingine! Safari hii niko makini. Kabla ya kunakili nimesoma mistari sita.