Kiti Changu cha Semina Kimekaliwa na Mke Wangu

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Mafunzo ya Wakulima Wadogo, Chaka.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Mweiga. Mimi ni Moffat Theuri, mhitimu wa semina zenu tangu zilipokuwa zikifanyika hotelini, pamoja na kuku wa kukaanga. Nina vyeti vya kutengeneza mboji, kuvuna maji ya mvua na kufuga nyuki, vyote vimetundikwa sebuleni. Nyuki sina. Naandika kwa uchungu kwa sababu nimenyang'anywa kiti changu.

1. Mwalimu mpya, Bi. Gathoni, ameyahamisha mafunzo kutoka hotelini hadi shambani, mahali ambapo, kama ujuavyo, kuna matope.

2. Alituagiza kila mmoja aje na konzi ya udongo wa shamba lake. Mimi nilisahau, nikachota kwenye chungu cha maua cha hoteli iliyo karibu nanyi. Udongo ni udongo. Yeye akauchambua kwa kidole, akatoa kijiwe kilichopakwa rangi nyeupe, akasema mbele ya wote: "Mzee, hii udongo haijawahi ona viazi." Watu walicheka. Niliumia, Mheshimiwa, na bado naumia.

3. Kisha akaniuliza viazi vyangu nimepanda upande gani. Nikampigia simu mke wangu, Ngendo, kama afanyavyo mkubwa yeyote anapoulizwa mambo ya ofisi. Badala ya kunisifu kwa uongozi, Bi. Gathoni aliomba simu, wakaongea na kucheka, na tangu siku hiyo anayehudhuria ni Ngendo.

Huu ni mwanzo mbaya. Leo kiti anapewa anayelima. Kesho hati ya shamba itaandikwa jina la anayelima, na mwishowe hata chama cha maziwa kitaongozwa na watu wanaokamua. Nchi itaelekea wapi?

Naomba kwa unyenyekevu nirudishiwe kiti, na Ngendo arudi nyumbani ajifunze kutoka kwangu.

Wasalimie walimu wote, na mpishi wa ile hoteli.

Wako katika kilimo,
Moffat Theuri

Nyongeza: Ngendo amekuja huko leo, nami nimebaki. Nimepalilia karoti zake. Sasa hakuna karoti. Ng'ombe naye alikataa kukamuliwa mpaka nilipojifunga kiunoni leso ya Ngendo, na naandika nikiwa bado nimeifunga, maana jioni atakamuliwa tena. Usimwambie. Kama kuna darasa la wanaoanza, niandikishe. Udongo ninao tayari, uko chini ya kucha.