Picha Tatu Katika Folda ya Marehemu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Budondo.

Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja ya baba mkwe wangu, Afande Lawrence, askari magereza mstaafu. Itafanyika nyumbani kwake Busiu. Mama mkwe atachagua mkwe mmoja asome historia ya mzee mbele ya watu. Wakwe tuko wawili: mimi, na Trevor aliyeoa mdogo wa mke wangu. Trevor ana duka la kompyuta Mbale mjini, na suti mbili. Kwenye mazishi alisoma yeye. Safari hii hasomi.

Nimefungua folda ya familia, ya kukusanyia picha za mzee, kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha nikiiweka hapa Budondo, palepale inaonekana kwenye kompyuta ya Trevor na kwenye simu za wote. Nimempigia kila mtu kumjulisha kuwa wazo ni langu. Mke wangu Eseza amejibu "vizuri" tu.

Jumanne, 7 Oktoba.

Trevor ameweka picha arobaini za mzee. Katika kumi na moja yumo yeye mwenyewe, amemshika mzee bega kama mtoto wa kumzaa. Nimezifuta hizo kumi na moja. Zimetoweka na kule Mbale. Mitambo ni kitu cha ajabu!

Jioni Trevor amepiga. Kwa heshima, akaniita kaka, akauliza kama nimeona picha zimepungua. Nimemwambia intaneti ya Mbale inazuiwa na mlima Wanale. Ameshukuru kwa maelezo. Nimeona aibu kidogo. Kisha nikala.

Jumatano, 8 Oktoba.

Picha zangu na mzee ni nne. Katika tatu hana kichwa. Mchango huo hautoshi kumshinda mtu.

Dawa nimeipata. Nimeielekeza simu ipeleke kila picha yake kwenye folda, yenyewe, bila kuniuliza. Simu iliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kufika jioni nilikuwa na picha mia mbili na sita. Nyingi ni za nguruwe wangu, lakini hesabu ni hesabu.

Alhamisi, 9 Oktoba. Sikukuu ya Uhuru wa Uganda.

Nimeota jipu kwenye tako la kushoto. Eseza ameshatangulia Busiu kusaidia mapishi, kwa hiyo hakuna wa kuniangalia. Faizal wa duka la dawa amekataa kuuza dawa ya kitu asichokiona, na amekataa pia kukiona dukani mbele ya wateja. Akasema nimpigie picha.

Nimepiga tatu mbele ya kioo cha Eseza. Ya kwanza imetikisika. Ya pili ina kidole. Ya tatu ni safi kabisa, hata uso wangu unaonekana kiooni, unatazama nyuma kwa wasiwasi. Faizal amejibu upesi. Dawa ya kupaka na kitambaa cha moto.

Jumamosi, 11 Oktoba. Busiu.

Naandika nikiwa nimesimama, nyuma ya jiko.

Lazima niandike jambo moja kwanza. Kwetu Wasoga na ukweni kwa Wamasaba, mkwe hamshiki mama mkwe mkono, wala hawakai mkeka mmoja. Miaka tisa nimekuwa nikimpisha njia kwa kuingia migombani. Uso wake siujui vizuri.

Baada ya sala Trevor aliwasha televisheni kubwa, akafungua folda. Picha zikaanza kupita zenyewe. Afande na sare. Afande na ng'ombe. Nguruwe. Nguruwe. Kisha iliyotikisika, kisha ya kidole, kisha ile safi.

Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele. Akajifunika uso kwa shali. Mwinjilisti akafumba macho akaanza sala nyingine. Watu wakatazama chini, isipokuwa askari mmoja mzee, asiyeona vizuri, aliyeinuka kusahihisha.

"Huyo si Lawrence," akasema. "Lawrence nilioga naye kambini miaka sita."

Trevor alichomoa waya ukutani. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Historia amesoma yeye.

Jumapili, 12 Oktoba.

Wazee wameamua nitoe mbuzi na kitambaa cha gomesi, vazi la heshima la mama mkwe, kuondoa aibu. Sikubishana. Trevor amekuja nilipojificha, akaniambia zile kumi na moja amezikuta kwenye pipa la taka la folda na amezirudisha, labda ni kompyuta imekosea. Nikasema labda. Nilitazama viatu vyake nilipokuwa nikisema hivyo. Vimepigwa rangi.

Jumatatu, 13 Oktoba. Budondo.

Eseza amerudi na kifurushi cha majani kutoka kwa mama yake. Yachemshwe, yawekwe yakiwa vuguvugu. Nikauliza kama mama ametuma na neno.

"Amesema usikalie upande wa kushoto," akajibu.

Nimeingia chumbani nikafunga mlango.

Jumanne, 14 Oktoba.

Eseza amesema Jumamosi ndugu wote wanakutana Busiu kuzungumzia shamba la mzee, nami naweza kuhudhuria, nikae mbali. Mama amesema yaliyopita yamepita. Kwamba hata hivyo mimi ni mtu mkweli, si mwizi. Nililia kidogo. Picha za Trevor sitazigusa tena. Siri hiyo itabaki ndani ya shajara hii.

Tatizo ni kompyuta yangu ya mkononi. Inazimika yenyewe, na shajara yote imo humo. Kwa hiyo nimeihamishia kwenye folda ya familia, ambako kitu hakipotei, nimeshuhudia mwenyewe. Nimeipa jina kavu la kiofisi, ambalo hakuna mtu atakayejisumbua kulifungua: Hati za Shamba la Busiu.