Sindano ya Wajina Wangu

Jumatatu, 22 Novemba 2021. Kasongo.

Louise amepiga simu kutoka Kigoma. Anafunga ndoa tarehe 11 Desemba. Anataka baba yake amwekee mikono kichwani kabla hajaingia kanisani, kama nilivyowafanyia dada zake wote. Nimelia kidogo. Kisha akaongeza kwamba kuvuka ziwa ni lazima kadi ya chanjo, na sindano iwe imemaliza siku kumi na nne. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mwalimu wa chanjo hapa Kasongo ni nani kama si mimi?

Na ni kweli. Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, nilisimama na ubao na chaki. Nilichora virusi. Nilichora askari wa mwili, na bunduki zao. Sokoni pia nilieleza. Watu wakaenda kuchanjwa kwa makundi. Wote, isipokuwa mwelezaji. Naliandika hapa tu, ambapo hakuna anayesoma: nina miaka sabini, nilikuwa mkurugenzi wa shule, na naogopa sindano.

Jumanne, 23 Novemba.

Nimefika kituo cha afya mara mbili. Mara ya kwanza niliwapisha akina mama wenye watoto mgongoni. Mara ya pili niliwapisha watu wote. Muuguzi Dieudonnée, niliyemfundisha darasa la nne, akauliza kama nimemletea watu wengine. Nikajibu kwamba wako njiani. Nikatoka kuwatafuta.

Jioni, simu ya mdogo wangu Dominique, wa kijiji cha Wamaza, upande wa Kabambare. Yeye na mkewe wameshachanjwa. Wameshanunua viatu vya ndoa. Hakuuliza habari yangu. Alitaka tu nijue.

Lakini wakati anajisifu, nikapata wazo! Inafaa nilieleze vizuri. Dominique alimpa mwanawe wa kwanza jina langu. Kwetu mtoto mwenye jina lako hafanani nawe tu, yeye ni wewe. Binti zangu humwamkia Emile kijana kwa neno "papa". Mke wangu Cécilia humwita "bwana yangu" na kumkalisha kwenye kiti changu. Akitukanwa, nimetukanwa. Basi, kama mkono wake ni mkono wangu wakati wa salamu, kwa nini usiwe wangu wakati wa sindano? Nimempelekea kadi yangu ya mpiga kura kwa mtu wa pikipiki. Picha imefutika, hata Cécilia hanitambui. Achanjwe Kabambare kwa jina langu.

Jumamosi, 27 Novemba.

Kadi ya chanjo imefika! Jina langu, mwaka wangu wa 1951, tarehe 25, muhuri. Nimeitazama mara nyingi. Kila mara bega la kushoto linawasha.

Jumapili, 28 Novemba.

Aibu. Mtu wa pikipiki amesema kanisani kwamba Emile yuko kitandani kwa homa ya sindano. Padri akanisifu katika mahubiri: mzee wetu amekubali kuumwa ili atupe mfano. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo. Nikatoka kabla ya komunyo, nikakimbilia nyumbani, nikalala na blanketi mbili. Waumini wakaja na kuku. Nikakohoa. Wakaomba. Nikala kuku.

Cécilia alisubiri watoke. Akasema: homa iko Wamaza, kuku iko Kasongo. Akachukua sahani, akaenda.

Jumatatu, 6 Desemba. Kabambare.

Siku mbili za pikipiki na matope. Dominique, mkewe na Emile kijana walikuwa wanatungoja, mimi na Cécilia. Emile alitaka kutusindikiza hadi hapa tu. Kila msafiri wa ng'ambo hupitia kwa muuguzi Asani ili kadi ikaguliwe. Nikampa yangu kwa heshima.

Asani akaitazama kadi, akanitazama mimi. Akasema anamkumbuka sana huyu Emile wa 1951, mzee asiye na mvi hata moja. Alimuuliza siri yake ni nini. Akajibiwa: kula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Tangu siku hiyo Asani anawaambia wagonjwa wote wale sombe bila mafuta. Akauliza kwa sauti:

"Mzee, siku kumi na moja tu! Ile sombe imekukimbia?"

Uani wakacheka. Asani akaita Emile wa kweli ajitokeze. Kijana akapandisha mkono wa shati. Kudanganya mara mbili hawezi, hilo hakulirithi kwangu.

Nikaanza kueleza habari ya wajina, kwa utaratibu. Mama mmoja kwenye foleni akanikatiza. Ni Aicha, muuza samaki anayefika hadi soko la Kasongo. Alisema alikuja kuchanjwa kwa sababu mimi nilimweleza sokoni, na wanawe watano kawaleta kwa sababu yangu. Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika.

Asani akafuta 1951 kwenye kadi na daftari, akaandika 1995. Akanionyesha kiti: nichanjwe sasa hivi. Hata kama siku hazitatosha kwa ndoa, mwili utafaidi. Nikasema kichwa kinaniuma.

Ndipo Dominique akasema, taratibu, kama anayesoma ubaoni. Kaka, miaka ishirini na sita unatufundisha kwamba Emile ni Emile. Sasa Emile mmoja ana kadi. Aende, aweke mikono.

Nimempa kijana koti langu. Limemkaa vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 11 Desemba. Wamaza.

Nachunga mbuzi za Dominique. Cécilia, aliyechanjwa siku ya kwanza kabisa, yuko Kigoma pamoja na Dominique, mkewe na kijana.

Louise amepiga simu baada ya misa. Amesema papa alimwekea mikono kichwani. Yeye alilia sana. Kisha akasema kwamba alifumba macho ili asione kuwa si mimi.

Nimekata simu kwanza. Nikamwambia baadaye ni mtandao.

Jumatatu, 20 Desemba. Kasongo.

Louise anataka niende Pasaka. Hakuna lawama, ila niende mimi mwenyewe, na kadi. Nimeahidi. Pasaka iko mbali, muda unatosha sana, na Dieudonnée anachanja kila siku hadi saa tisa.

Nimetafakari kosa langu kwa utulivu, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari ya watoto. Kosa lilikuwa umri. Kumpeleka mtu wa miaka ishirini na sita! Huko Nyangwe yuko Emile mwingine, mvuvi, aliyepewa jina la babu yangu kama mimi. Ana miaka sabini na miwili, mvi tele, na mgongo umepinda kidogo kushoto.

Nimeshamwandikia barua.