Ombi la Kuiondoa Majini Boti ya Alhamisi

Kwa Bi Sheikha,
Mwenyekiti, Jumuiya ya Wazee wa Kizanzibari,
Tottenham, London.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe na wanakamati wote mna afya njema. Mimi nami ukiniuliza nitakwambia sijambo, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, lakini usiniamini.

Nakuandikia kuhusu boti. Nafahamu kwamba Jumuiya yetu iliporuhusiwa kuitumia ile boti ndefu nyembamba ya mferejini, ili kila Alhamisi wazee watolewe mafletini wakapunge upepo, tulishangilia sote, na mimi ndiye niliyesoma dua. Nafahamu pia kwamba mke wangu, Bi Haifa, alikwenda kujitolea kupika chai tu, akaishia kufundishwa usukani, na kwamba Jumamosi hii mkutano mkuu utamthibitisha kuwa nahodha wa kudumu. Naomba mkutano usifanye hivyo. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili asitokee wa kusema nimeandika kwa hasira.

1. Mwendo. Kanuni za mfereji zinataka boti iende kwa mwendo wa mtu anayetembea, mawimbi yasije yakabomoa kingo au kuwamwagia chai watu wanaoishi ndani ya boti zao. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai; hawakusema kama anafika. Nimemshuhudia bata akitupita, kisha akageuka kututazama. Bata nimemsamehe. Ubaya wa mwendo huu ni kwamba unawapa watu nafasi ya kuzungumza, na kwa kuwa injini inanguruma, wanazungumza kwa kupiga kelele. Kabla boti haijafika Hackney, habari za goti langu na sukari yangu zimeshaenea kingo zote mbili. Juzi dada mmoja wa Kenya aitwaye Nyambura, ambaye hukimbia mazoezi kando ya mfereji, alinisimamisha sokoni akanipa pole ya goti. Sikuwa nimewahi kumwona maishani mwangu.

2. Salamu. Katika mji huu tumeishi kwa amani miaka yote kwa sababu hatusalimiani. Mimi na jirani yangu wa mlango wa pili tumepishana kwenye ngazi tangu watoto wetu wakiwa skuli, na hatujawahi kugombana maana hatujawahi kusemezana. Mferejini mambo ni mengine. Boti zikipishana, watu hupungiana mikono hata kama hawajuani, na mke wangu ameizoea tabia hiyo mpaka anawapungia watu ndani ya basi. Akampungia na yule jirani. Maskini akadhani tumefiwa, akaja kutubishia hodi na keki mkononi. Hivi sasa nalazimika kumuuliza hali ya mama yake kila asubuhi, na mama mwenyewe haponi upesi.

3. Kusindikizana. Hapa naomba usome taratibu. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, waliopanda boti walikuwa kumi na wawili, maana ndiyo idadi inayoruhusiwa, na waliokuja kuwaaga walikuwa wengi zaidi, maana sisi ndivyo tulivyo. Kwa ada yetu anayeondoka haagwi mlangoni akaachwa hapo. Unamsindikiza kidogo, na mazungumzo yakimalizika, unarudi. Mheshimiwa, mazungumzo hayakumalizika. Boti inakwenda kwa mwendo wa miguu na njia iko ubavuni mwa maji, basi waagaji wakawa wanatembea sambamba nayo huku wakiendelea kuaga. Tukaiacha Tottenham, tukaingia Hackney, bado tunaaga. Hapo bibi mmoja akalalamika kwamba miguu imemvimba. Nahodha akaona haya kuwaacha njiani watu waliomsindikiza, akaisogeza boti ukingoni, na kwa kuwa abiria hawaruhusiwi kuzidi, waliokaa wakashuka kuwapisha waliochoka. Walioshuka nao wakaona si adabu kugeuka kurudi bila ya kuwasindikiza waliopanda. Tulipofika Stratford, ndani ya boti hamkuwa na hata mmoja aliyeandikishwa kwa safari ile, na walioandikishwa wote walikuwa ukingoni, viatu mkononi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila mtu alirudi kwake akisema hajapata kufurahi namna ile. Mimi nilitoka nyumbani kuaga tu, tena nimevaa ndara za chooni.

4. Loki. Loki ni chumba cha maji chenye milango mizito pande mbili: boti inaingia, maji yanapunguzwa au kuongezwa, nayo inashuka au inapanda. Alhamisi iliyofuata nilikwenda tena, kwa ajili ya kukusanya ushahidi. Tulifika kwenye loki wakati mmoja na boti ya wazee wa Harrow, Wahindi wetu waliozaliwa Mombasa na Unguja, nahodha wao Bwana Alkesh. Mke wangu akamwomba atangulie. Bwana Alkesh, kwa Kiswahili safi kuliko cha watoto wangu, akajibu kwamba haiwezekani, watangulie wazee wa Bi Haifa. Wazee wetu wakasema hawawezi kumtangulia mgeni. Wazee wa Harrow wakasema mwenyeji ndiye mwenye haki. Wetu wakawaapia, wao wakatuapia. Nyuma yetu foleni ya boti za Waingereza ikarefuka. Mmoja alizima injini akaanza kuanika nguo. Mwishowe mke wangu, bila ya kushauriana na mwanamme yeyote, akaamuru boti zote mbili ziingie pamoja ubavu kwa ubavu, kwa kuwa loki ile ni pana. Maji yalipokuwa yakishuka, sinia zikavuka: bajia zao huku, mkate wetu wa kumimina kule. Milango ilipofunguliwa hakuna aliyetaka kutoka.

Na milango hiyo nani aliifungua? Kila mlango una gogo refu la kuusukumia, na gogo hilo halisukumwi kwa mikono. Niliamrishwa na mke wangu mwenyewe, mbele ya watu wa Harrow, nigeuke, niegemeze makalio, nisukume kinyumenyume. Mheshimiwa, nimefanya ukarani mpaka nikastaafu, na makalio yangu siku zote nimeyatumia kwa kukalia. Mlango ulifunguka, tena vizuri, na watu wakanipigia makofi, lakini hilo silo ninalolilalamikia.

5. Nyumbani. Ukumbini sasa napaswa kupita upande wa kulia, kwa kuwa boti hupishana hivyo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo nimeshajiuzulu bila ya kutangaza. Zamani mke wangu alikuwa akirudi kutoka kazi yake ya kutunza wagonjwa amechoka, anakaa kimya, nami namsimulia mambo ya ulimwengu. Siku hizi anasimulia yeye. Anacheka peke yake jikoni. Nikimuuliza anacheka nini, ananieleza, na kinachonichoma ni kwamba kweli kinachekesha. Na Alhamisi ambayo sikwenda kutafuta ushahidi, nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia friji inavyonung'unika. Nilikula kiporo cha jana nikiwa nimesimama. Mtu mzima hapaswi kuandika hivi, lakini naandika: naionea wivu boti.

6. Kwa hayo yote, naomba hatua zichukuliwe. Kwanza, boti iondolewe majini. Ikionekana ni nzito, basi yaondolewe maji; nimeona kwa macho yangu kwenye loki kwamba maji ya mfereji ukiyafungulia yanatoka, kilichokosekana ni nia tu. Nikijibiwa kwamba mfereji si wetu, basi Jumuiya iwaandikie wahusika waifute Alhamisi, wiki itoke Jumatano iingie Ijumaa, siku ambayo sote tunakubali ni bora. Na kama haya yote ni makubwa kwa kamati, liko dogo: Jumamosi msimthibitishe Bi Haifa. Atarudi kukaa na mimi, na mambo yatakuwa kama yalivyokuwa.

Nakuomba radhi kwa kukuchosha. Nisalimie wanakamati mmoja mmoja, waliosindikiza na waliosindikizwa, yule bibi wa miguu, Bwana Alkesh na wazee wa Harrow (mwambie pilipili ya bajia ilikuwa kiasi chake), dada Nyambura ukimwona akipita mbio, na Mwingereza wa kuanika nguo, ambaye subira yake ni ya kupigiwa mfano.

Ndimi, katika dhuluma na heshima,

Mwadini Hafidh
Mume wa nahodha

Tanbihi: Barua zangu zote, tangu tuoane, humpa Bi Haifa azisahihishe kabla ya kutumwa, kwa kuwa insha yake ni bora kuliko yangu. Nikampa na hii kwa mazoea, bila ya kufikiri. Aliisoma yote. Akarekebisha pahala pawili patatu, akanirudishia, akasema kwamba hakujua kama ananiumiza, na kwamba usukani atauacha. Hakununa wala hakugombana. Tangu jana yupo kwenye kochi kama nilivyotaka. Nimemsimulia mambo ya ulimwengu mpaka yakaniishia, naye ameitikia kila neno kwa adabu, na sijapata kuona kitu kibaya kama kile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, barua hii naituma ilivyo, maana siwezi kuandika nyingine na mwenye kunisahihishia hataki tena kushika kalamu, lakini nakuomba kwa jina la Mungu usiisome mkutanoni. Badala yake njooni nyumbani Ijumaa baada ya sala, wewe na watu wazima wenye maneno mazuri, mje kama watu wanaokuja kuposa, mumbembeleze arudi. Mlango nitaufungua mimi, na nitakaa upande wenu. Akisema hataki kwa ajili ya mumewe, mwambieni mumewe ni mjinga, na kwamba amekiri kwa maandishi. Akikubali, muulizeni pia kama nahodha anahitaji mtu wa kusimama nyuma karibu naye, kumshikia kikombe cha chai mikono yake ikiwa kazini. Muulizeni nyinyi, mimi naona haya.